Mashua ya Kumwenea Bartul

Miaka yote aliyouza tiketi za basi mjini Šibenik, kwenye pwani ya Kroatia, Bartul aliingia kibandani mwake kinyumenyume. Siku ya kwanza ya kazi alikuwa ametanguliza uso kama binadamu wengine, akajikuta anautazama ukuta na hana nafasi ya kugeuka, na abiria wa asubuhi ile wakanunua tiketi kwa kuzungumza na mgongo wake. Tangu siku hiyo alijifunza kurudi nyuma, akawa hodari wa kurudi nyuma kuliko lori la taka.

Alikuwa pande la mtu. Tumbo lilifika kwanza kila alikokwenda, yeye akafuata kuja kuliombea radhi. Na kijiji chetu cha Betina, tuseme ukweli, hakikujengwa kwa ajili yake. Vichochoro vyetu ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wakikutana mmoja lazima ajibanze ukutani. Akija Bartul, yule mwingine hurudi alikotoka. Kanisani alikaa mwisho wa benchi, nusu yake ndani ya ibada na nusu nje. Nyumbani, kwenye nyumba ya mawe waliyoachiwa na wazazi, ngazi zilimkwaruza kushoto na kulia, na kizingiti cha juu cha mlango wa chumba chake kilikuwa kimeng'aa pale paji lake la uso lilipokigonga kila asubuhi. Neno alilolitumia kuliko yote maishani lilikuwa "samahani". Aliwaambia watu, aliviambia viti, na mara moja, akiwa na mawazo mengi, aliliambia jokofu.

Alichoka. Hilo ndilo jambo la kulielewa kabla hadithi haijaenda mbali. Watu walimwona anacheka wakadhani hana neno, lakini Bartul alikuwa amechoka kujikunja. Majira ya kuchipua alipostaafu, akatangaza pale gatini, mbele ya mkahawa wa Grgo, kwamba atatafuta mashua. Mashua ya kuvulia samaki Jumamosi kila mtu anayo. Yeye alitaka ya kuishi ndani: alale humo, apike humo, azunguke visiwa vya Kornati ghuba kwa ghuba, peke yake, bila mtu wa kumpisha.

"Utahitaji meli ya magari," akasema Grgo, akifuta meza.

"Nitahitaji mashua pana."

"Upana si shida, Bartul. Shida ni bahari. Ukipanda tu, maji yatapanda hadi hapa kwangu, nami nimepaka rangi juzi."

Watu wakacheka, na Bartul akacheka nao, kisha akamwomba samahani yule aliyekuwa amekaa nyuma yake kwa sababu kiti kilisogea.

Aliyekosa kucheka ni dada yake, Perina. Huyu alikuwa mkubwa kwake, mwembamba kama njiti ya kiberiti, hakuolewa, na ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Perina hakuogopa kitu. Hakuogopa bahari, nyoka, wala mtu wa kodi. Aliogopa kitu kimoja, ambacho sisi wote wa pwani hii tunakiogopa na tuna haki: ule upepo mwembamba unaopita kati ya milango miwili iliyo wazi, tunaouita propuh. Vita tumeviona na ukame tumeuona, lakini kinachotumaliza ni propuh. Shangazi yao alikaa kati ya madirisha mawili akimenya maharage, jioni shingo ikakakamaa, na miaka arobaini baadaye akafa. Wageni husema miaka arobaini ni mingi. Sisi tunasema upepo una subira.

Na msidhani Bartul alikuwa tofauti. Katika basi, ikiwa mtalii amefungua dirisha la kushoto na mwingine la kulia, Bartul alishuka kituo kinachofuata akaenda kwa miguu.

Basi Perina alisikiliza habari za mashua kiangazi kizima, akipika, akifua, akinuna. Mwisho wa Agosti akaweka mkate mezani.

"Weka mkono hapa," akasema. "Tafuta mashua yako mpaka siku ya Mtakatifu Martin, mvinyo mpya unapobarikiwa. Ukiipata, nenda. Usipoipata, sitaki kusikia tena neno mashua ndani ya nyumba hii mpaka mmoja wetu abebwe kwenda kaburini."

Bartul akaweka mkono juu ya mkate. Kiapo cha mkate kwetu hakina mlango wa nyuma. Kama siku ya Mtakatifu Martin ingefika, Novemba, hana mashua, angegonga kile kizingiti kwa paji la uso mpaka kufa kwake.

Akaanza kutafuta. Septemba ni wakati mzuri, maana wenye mashua wa mjini wamekwisha kuchomwa na jua, wamegombana na wake zao kwenye nafasi finyu, na wanataka kuuza.

Ya kwanza ilikuwa mashua ya tanga ya daktari mmoja wa meno kutoka Zagreb. Nzuri ya kutazama, ndefu, nyembamba, inang'aa kama kisu cha sikukuu. Bartul aliingia ndani akatembea ubavuubavu kama kaa. Daktari akamwonyesha jiko, akamwonyesha kitanda, akamwonyesha choo, na hapo chooni ndipo mambo yalipoharibika. Kilikuwa kabati. Ilibidi mtu aamue kabla ya kuingia ana haja gani, maana ndani hakukuwa na nafasi ya kubadilisha mawazo. Bartul akaingia kinyumenyume kwa ustadi wake wa kibandani, akakaa, na magoti yake yakabaki nje.

"Mlango si lazima ufungwe," daktari akasema kwa upole. "Si utakuwa unaishi peke yako?"

"Nitaishi peke yangu, daktari," Bartul akasema kutoka kabatini. "Lakini bandarini kuna watu."

Ya pili ilikuwa ya mtu wa Vodice, boti ya plastiki, pana kweli, na nyepesi kama sinia. Walikaa kunywa kahawa. Bartul akasogea kushoto kuangalia jiko, na boti nzima ikainamia kushoto, na vikombe vikamfuata. Akasogea kulia, vikombe vikarudi. Mwenye boti alikuwa amezoea kunywa kahawa iliyotulia, akaanza kupauka.

"Ukikaa katikati haina tatizo lolote," akasema.

"Na nikitaka kulala?"

"Lala katikati."

"Na kupika?"

"Tunaweza kulisogeza jiko."

"Basi ndugu yangu, hujaniuzia boti," akasema Bartul. "Umeniajiri niwe mlingoti."

Akaziona nyingine pia, siwezi kuzihesabu zote. Kuna moja ambayo kitanda chake kilikuwa chini ya sitaha kama droo ya soksi, na nyingine ambayo injini ingefikiwa na mtu mwenye mkono mrefu na asiye na mwili. Katika kutafuta huko Bartul akajitungia sheria. Aliacha kuuliza futi na mita, aliacha kusikiliza habari za matanga. Alibeba suruali ya pili kwenye mfuko wa sokoni, na kila mashua aliyoingia alisimama katikati ya chumba akajaribu kuivaa juu ya ile aliyoivaa. Kama mtu anaweza kuvaa suruali amesimama, bila kugonga kitu na bila kumwomba yeyote samahani, hapo ni nyumbani. Kama hawezi, ni kibanda cha tiketi kilichowekwa majini. Oktoba ikaisha, na suruali haijavalika hata mara moja.

Hapo ndipo Perina, kwa mshangao wa wote, alipomtafutia mashua mwenyewe. Ilikuwa ya Grgo. Mashua ya tanga ya zamani, imefungwa mbele ya mkahawa wake miaka mingi, inauzwa kila mwaka na hainunuliwi. Perina aliipendea jambo moja: ilikuwa na tundu moja tu la kuingilia, juu sitahani. Hakuna dirisha linalofunguka, hakuna mlango wa pili.

"Upepo ukiingia hauna pa kutokea," akasema Perina. "Utakata tamaa."

Siku ile upepo wa bura ulikuwa unavuma kidogo kutoka milimani, baridi na kavu. Perina akamvalisha ndugu yake kama anayekwenda kuapishwa: fulana ya sufu, shati, sweta, sweta ya pili juu ya ile sweta, na koti. Bartul akaweka miguu tunduni akashuka. Kushuka hakukuwa na tabu, maana uzito ni rafiki wa anayeshuka. Kule chini akajaribu suruali yake, akagonga kichwa, akagonga kiwiko, akaangusha taa. Akatoka jasho. Akaona haifai, akapanda ngazi kurudi juu, akatanguliza mikono, kichwa, mabega kwa zamu, kisha akasimama.

Yaani hakusimama kwa kutaka. Kifua kilikuwa kimefika tunduni na sweta mbili na koti, na tundu likasema basi.

Grgo alitoka mkahawani na taulo begani. Akamtazama, nusu mtu juu ya sitaha, mikono hewani kama mhubiri.

"Bartul," akasema, "umeinunua au umeivaa?"

Dakika si nyingi gati lote lilikuwa pale. Mmoja akashauri sitaha ikatwe kwa msumeno, Grgo akasema mashua yake haikatwi labda iwe imelipiwa. Mwingine akashauri asukumwe kutoka chini, lakini hakuna aliyeweza kwenda chini, kwa kuwa mlango ulikuwa Bartul mwenyewe. Wakamvuta mikono. Mashua ikainuka kidogo, Bartul hakuinuka.

Ndipo akasogea Jerka. Huyu ni mjane mwenye kondoo, mama wa sauti kubwa na viatu vya mpira, aliyezoea kuvuta vitu vilivyokwama kwa sababu kila mwaka kondoo wake huzaa.

"Mvueni nguo," akasema.

Watu walio karibu wakajifunga makoti yao.

"Ana jasho," Perina akasema polepole, kama mtu anayemfafanulia mtoto. "Ana jasho, Jerka. Na bura hii. Unataka kumwua mdogo wangu mchana kweupe?"

"Analo jasho kweli," wakasema watu.

"Bora abaki humo," akasema mwingine. "Humo walau nusu yake ina joto."

Na Bartul, aliyebanwa mbavu mpaka anahema kama mvukuto, naye akatikisa kichwa. "Sivui," akasema. "Nitakufa nimebanwa, lakini sitakufa kwa upepo."

Mtu wa nchi nyingine angeshangaa. Sisi tulifanya mambo yanayofaa. Tanga likaletwa kutoka mashua ya jirani, vitambaa vya meza vikaletwa kutoka mkahawani, watu wakajipanga duara wakavishika juu, wakamzungushia Bartul ukuta wa nguo usiopitisha upepo. Perina akasimama nje akiamuru nyumba zinazotazama gati zifunge madirisha, na zikafunga, moja baada ya nyingine, pa, pa, pa. Ndipo Jerka akaingia ndani ya ule ukuta akaanza kumenya. Akavuta koti kwa kupitia kichwani. Akavuta sweta ya kwanza. Sweta ya pili ikatoka na kofia na nusu ya heshima. Bartul alipobaki na fulana na shati, akachomoka kama kizibo, akamwangukia Jerka, na Jerka akaangukia kitambaa cha meza, na mvuke ukapanda juu ya duara mpaka waliokuwa mbali wakadhani tunapika.

Perina akamfunika kwa kitambaa kilichonuka ngisi, akampeleka nyumbani, akamkanda kifuani kwa rakija, pombe yetu kali ya matunda, akamlaza. Hakuwa na homa. Alilala siku kadhaa hata hivyo, kwa adabu.

Lakini alikuwa na huzuni ya kweli. Alikuwa amelala anautazama ukuta ulio karibu na pua yake, na Mtakatifu Martin alikuwa mlangoni. Perina alipoleta supu, akamwambia bila kugeuka:

"Dada, sikukwama mashuani mwa Grgo. Nimekwama tangu nizaliwe. Siku ile watu walipata kuona tu."

Perina akaweka supu chini. "Kula ingali moto," akasema, akatoka, na nje ya mlango akasimama muda mrefu kuliko inavyohitajika kushuka ngazi.

Kesho yake sauti ya Jerka ikapanda kutoka kichochoroni.

"Bartul! Kifua chako nimekishika, sasa nakijua. Nina mlango unaokuenea. Shuka."

Sasa, mashua ya Jerka kila mtu anaijua, ila hakuna aliyewahi kuifikiria, kama vile mtu hafikirii ndoo. Ni mashua ya mbao iliyochongwa papa hapa Betina, nene, nzito, pana tumboni, yenye injini inayokohoa. Kwa miaka mingi imepeleka kondoo na punda wa watu Kornati kwenye malisho na kuwarudisha. Jerka magoti yalikuwa yamemchosha, kondoo alikuwa anawauza, na mashua ilikuwa inakaa bure, tezi, yaani nyuma yake, imegeuziwa gati, na ubao wa kupandia umelazwa.

Bartul akapita juu ya ubao. Ubao haukulia, ulikuwa umezoea punda. Akafika mlangoni, akageuka ili aingie kinyumenyume.

"Unafanya nini?" akauliza Jerka.

"Naingia."

"Ingia kama mtu. Mlango huu ulipimwa kwa punda mwenye matenga mawili."

Bartul akageuka tena. Akaingia uso mbele, mabega yote mawili kwa pamoja, na hakugusa kitu. Akasimama katikati ya chumba kirefu cha mbao chenye madirisha, benchi huku, meko kule, na usukani mbele kabisa karibu na mlango wa pili. Akanyoosha mkono wa kulia. Akanyoosha wa kushoto. Akazunguka polepole mzima mzima, mikono imenyooka, na hakuna kilichoanguka. Mashua haikuinama hata kidogo. Machozi yakamtoka, na hakuyaonea haya, akayafuta kwa mkono ulionyooka.

"Mlango wa pili wa nini?" akauliza.

"Kondoo hajui kurudi nyuma," akasema Jerka. "Anaingilia tezi, anatokea omo, kule mbele. Ukimwambia ageuke anavunja kila kitu."

Bartul alielewana sana na kondoo saa ile. Kisha akautazama mlango wa tezi, ulio wazi. Akautazama mlango wa omo, ulio wazi. Ilikuwa milango miwili inayotazamana kama wagomvi, na yeye alikuwa amesimama katikati. Shingo ikaanza kumwasha.

Perina alikuwa amekwisha kufika gatini. Habari huku hazihitaji simu.

"Mlango huku, mlango kule," akasema kwa sauti iliyosikika mpaka kanisani. "Hiyo si mashua, Bartul, hilo ni jeneza lenye injini."

"Kondoo wangu wamepita humo miaka na miaka," Jerka akamjibu. "Hakuna hata mmoja aliyepata shingo."

"Kondoo wamezaliwa na sweta," akasema Grgo kutoka mkahawani, na hilo hakuna aliyeweza kulipinga.

"Nitafunga mmoja," Bartul akasema. Akafunga wa omo. Mara harufu ya vizazi vyote vya kondoo ikaamka kutoka mbaoni, ikamjia. Akavumilia kwa kadiri alivyoweza, kisha akaufungua tena, akitoa kichwa nje.

"Harufu itaisha," akasema Jerka. "Lakini mpaka hapo inataka milango yote miwili."

Hapo ndipo pande la mtu lilipokwama kuliko lilivyokwama mashuani mwa Grgo. Mwili wake ulikuwa umepata mahali pake, kwa mara ya kwanza. Imani yake ilikuwa inampigia kelele atoke. Na yote aliyofundishwa na mwanamke aliyemlea yalikuwa yamesimama gatini yakishika koti.

Bartul akachukua kigoda cha kukamulia. Akakiweka katikati kabisa ya chumba, kati ya mlango na mlango, akakaa.

"Anafanya nini?" watu wakaulizana.

"Anajiua," akasema Perina.

Habari ikaenea. Watu wakaja kutazama. Grgo akatoa viti nje na akauza kahawa nyingi kuliko siku yoyote tangu watalii waondoke. Upepo uliingia tezi, ukapita juu ya masikio ya Bartul, ukatokea omo, na kila ulipopita watu walivuta pumzi. Kikongwe mmoja alianza rozari. Perina hakukaa wala hakunywa kitu. Mara kwa mara alisema, "Bartul, shingo," na Bartul akajibu, "Bado ipo, dada," na wakaendelea hivyo mpaka jua lilipoanza kushuka nyuma ya visiwa.

Ndipo Bartul akainuka. Akafungua mfuko wake wa sokoni akatoa suruali. Watu wakainuka vitini, maana sheria yake ya suruali tulikuwa tunaijua na tulikuwa tumeicheka. Akainua mguu wa kulia, akauingiza. Akayumba kidogo, hakugonga kitu. Akainua wa kushoto. Akaivuta juu ya ile nyingine, akafunga kishikizo, akasimama mbele yetu na suruali mbili na kiwiko kizima. Kisha akageuza shingo kushoto, taratibu. Akaigeuza kulia.

"Naichukua," akasema.

Watu wakapiga makofi, na mimi nilipiga. Grgo alimpelekea glasi ya mvinyo bila malipo, jambo ambalo halijatokea tena. Tulipogeuka kumtafuta Perina, alikuwa ameondoka. Koti aliliacha juu ya kiti.

Siku ya Mtakatifu Martin, padri alipomaliza kubariki mvinyo, Bartul akapakia vitu vyake. Vilikuwa vichache: sufuria, blanketi, suruali mbili. Injini ikakohoa, ikashika. Akawa anafungua kamba polepole sana, fundo moja kwa muda wa mafundo matatu, akitazama mdomo wa kichochoro. Hatimaye Perina akatokea, na shela imezungushwa shingoni mara nyingi, na mkate kifuani.

"Ni mkate ule wa kiapo?" akauliza Bartul.

"Ule ulishaliwa Agosti, mjinga wewe. Huu ni wa kula." Akampa juu ya ubao, lakini hakuuachia. Wakabaki wameushika wote wawili. "Nilikuapisha nikijua hakuna mashua ya kukuenea," akasema Perina. "Ilikuwa choyo. Nilijua, nikakuapisha."

"Najua, dada."

"Hujui kitu. Unadhani propuh ni ya milango miwili tu. Nyumba ikibaki na mtu mmoja upepo unapita kila chumba, hata ukifunga yote."

Bartul alitaka kusema samahani, neno lake la siku zote, na likakataa kutoka, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuwa amembana mtu. Alikuwa anamwachia nafasi, na ilikuwa kubwa mno.

"Jumapili nakuja kula," akasema mwisho. "Kila Jumapili. Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani, si ulinifundisha mwenyewe?"

"Nitapika maharage," akasema Perina, akauachia mkate. "Na sasa funga milango uende, kabla hujapata kitu cha shingo."

Bartul akavuta ubao, akaingia, akafunga mlango wa omo, akafunga mlango wa tezi, kwa heshima yake. Mashua ikaanza kusogea kutoka gatini. Kwa nyuma tuliona mbao tu, na bango la zamani lenye picha ya kondoo. Harufu humo ndani sijui aliivumiliaje.

Perina alisimama ukingoni, mwembamba, mikono haina cha kushika. Mashua ilipofika katikati ya bandari akaweka viganja mdomoni.

"Bartul!"

Injini ikapunguza mwendo.

"Fungua mlango!"

"Upi?"

"Yote miwili," akapaza sauti Perina. "Nikuone."

Milango ikafunguka, wa tezi, kisha wa omo, na mwanga wa bahari ukapita ndani ya mashua kutoka upande mpaka upande. Katikati ya mwanga huo alikuwa Bartul usukanini, mpana kadiri Mungu alivyomkusudia. Akageuka mzima mzima bila kugonga kitu, akapunga mkono.

Perina akafungua shela shingoni, akampungia nayo.